Mwalimu wa Mapenzi ya Kiungwana

Sitaanza na alikozaliwa, kwa sababu sikuwahi kupajua vizuri, na yeye mwenyewe alilijibu swali hilo tofauti kila mara, kutegemea nani anauliza. Alikuwa Mkongo wa Kivu, hilo linatosha. Sote tulimwita Mwalimu: sisi tuliosoma kwake katika kambi ya wakimbizi Kigoma, majirani zake wa Louisville, Marekani, ambao hawakusoma kwake hata siku moja, mchungaji, na hata mkewe alipokuwa amekasirika. Asipokuwa na hasira, mkewe alimwita Baba Neema. Kwa hiyo tukimsikia mama yule akisema "Mwalimu" upande wa pili wa ukuta, tulijua ndani mambo hayako sawa.

Kule Kongo alikuwa amefundisha fasihi ya Kifaransa katika shule ya sekondari. Kambini alitufundisha Kifaransa sisi watoto wa Warundi na wa Wakongo tuliochanganywa katika darasa la turubai, bila kitabu, kila kitu kikitoka kichwani mwake. Alikariri mashairi marefu akiwa amefumba macho, halafu akayafumbua na kutueleza. Alichokipenda kuliko vyote ni kile alichokiita mapenzi ya kiungwana. Ni mapenzi yaliyoimbwa na washairi wa kusini mwa Ufaransa, zamani sana, wakati mabwana wakubwa walipoishi katika ngome za mawe. Mpanda farasi wa vita, ambaye Mwalimu alimwita shevalie kama Wafaransa, anampenda bibi wa ngome. Bibi ni mke wa mtu, tena ana cheo kikubwa kumliko. Shevalie hawezi kumwoa, pengine hawezi hata kumgusa. Basi anamtumikia. Anapigana kwa ajili yake, anamtungia nyimbo, analificha jina lake ili wasengenyaji wasilijue, na anangoja. Na kule kungoja kunamfanya awe mtu bora kuliko alivyokuwa.

Nilikuwa na miaka kama kumi na mitano. Asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya maji, na mchana nilikwenda kuokota kuni na wasichana wenzangu, tukitembea kwa kundi kwa sababu ya wanaume tuliowaogopa njiani. Katikati ya maji na kuni, mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi ananiambia kwamba palikuwa na mahali duniani ambapo mwanamume hodari, mwenye upanga, alipiga goti mbele ya mwanamke na kumwambia: wewe ndiye bwana wangu. Sikujali kama mahali hapo palikuwapo kweli. Nilikaa na neno hilo siku nyingi, nikilirudiarudia nikiwa na mzigo kichwani. Nayasema haya mapema ili yatakayofuata yasimfanye aonekane mpumbavu. Mtu yule alinipa kitu, nami nilikipokea.

Louisville tulikutana tena bila kupanga. Familia yangu ilipofika mtaa wa South End na kupewa apatimenti, tulimkuta anaishi milango miwili kutoka kwetu, na anafanya kazi katika ghala lilelile ambalo baadaye na mimi niliajiriwa. Kazi yake ilikuwa kubandika anwani kwenye maboksi. Juu ya ile fulana ya njano inayong'aa alivaa koti la suti, mpaka msimamizi alipomwomba alivue kwa sababu ya mashine, naye akalivua na kulikunja kama mtu anayemvua mtoto nguo. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa safi siku zote. Alibadili buti mlangoni mwa ghala na kuvirudisha viatu mguuni kabla ya kupanda basi, hata kama kuna theluji.

Alikuwa na maneno mawili ya Kifaransa ambayo tuliyajua sote. Akitaka kusema jambo baya, alianza na "bon," yaani "haya." Akishindwa kulimalizia jambo, alisema "donc," yaani "kwa hiyo," akanyamaza, kana kwamba jibu lingekuja lenyewe na kukaa mwishoni mwa sentensi. Sisi vijana tulimwigiza. Nakumbuka baba yangu alipofariki, Mwalimu alikuja, akaketi karibu na mama, akasema, "Bon," kisha akasema, "Donc," na kati ya maneno hayo mawili hakuweka kitu. Mama alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo salamu ya rambirambi pekee ambayo haikumchosha.

Kituo cha basi kilikuwa ukumbi wake. Aliwavulia kofia wanawake wote, vijana kwa wazee, na walikuwapo akina mama Wamarekani Weusi waliokwenda kazini saa zetu, ambao walimpenda. Mmoja alimwita mpenzi, jinsi wanavyomwita kila mtu hapa, hata muuza soda. Mwalimu alitembea siku nzima akilifikiria neno hilo. Jioni aliniuliza kama nadhani lilikuwa na maana yoyote. Nikamwambia hapana. Alionekana kuridhika. Alisema mapenzi ya kweli hayatangazwi kituoni.

Gari hakuwa nalo na hakutaka kujifunza kuendesha. Aliyeendesha ni mkewe, Mama Neema.

Nimfikie basi Mama Neema, maana huwezi kumweleza Mwalimu ukamwacha yeye, ingawa Mwalimu mwenyewe aliweza kuzungumza Jumamosi nzima bila kumtaja. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mtulivu, aliyefanya kazi usiku katika nyumba ya kutunza wazee na kurudi asubuhi. Akirudi alimkuta mumewe mezani amevaa shati safi, anasubiri chai. Shati hilo alikuwa amelipiga pasi yeye, mke, kabla ya kwenda kazini. Anachemsha chai, anakaanga mayai, anaosha vyombo vya jana ambavyo hakuna aliyevigusa, kisha ndipo analala. Mumewe hakuwa mkali kwake. Hakumpigia kelele, sembuse kumpiga. Ila hakumwona, na sijui niliseme vipi vingine.

Asubuhi moja nilikuwa kwao nikingoja kufuatana na Mwalimu kazini. Mwalimu alikuwa anamweleza Neema, binti yao, jinsi shevalie alivyoweza kukaa mwaka mzima akifurahia utepe mmoja wa nguo ya bibi yake. Neema alikuwa anatafuta daftari la shule, akamjibu kwa Kiingereza kwamba basi lake linakuja. Mama Neema aligeuka kutoka kwenye sinki.

"Baba Neema," akasema, "ile bamama ya mu ngome, nani alikuwa anabafulia manguo?"

Mwalimu aliweka kikombe mezani.

"Bon," akasema. "Vitabu havisemi."

"Havisemi," Mama Neema akarudia. "Donc iko mutu alikuwa anafula, na hakuna mwenye aliandika."

Akarudi kwenye vyombo vyake. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amesimama na wazee wa watu usiku kucha, akiwageuza vitandani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka tu kujua.

Mwalimu aliyaona mapenzi yale ya zamani kila mahali, na mara nyingi nadhani aliona sawa. Kijana mmoja wa kwaya alipopiga goti moja katika ukumbi wa kanisa na kumwonyesha mchumba wake pete, wazee walinung'unika. Mwanamume anampigia mwanamke goti mbele ya wakwe? Mchungaji alimwita Mwalimu pembeni, akamwuliza kama desturi hii imetoka katika Maandiko au katika televisheni.

"Iko ya zamani kuliko televisheni, Mchungaji," Mwalimu akamjibu. Akamweleza kwamba kule kwenye ngome, askari alipojiweka chini ya bwana mkubwa, alipiga goti, akaunganisha viganja vyake na kuviweka ndani ya viganja vya bwana, akaapa kuwa mtu wake. Washairi wakakichukua kiapo hicho cha vita na kumpelekea mwanamke. "Donc kijana huyu amesema: mimi ni mtumishi wako. Hajui tu kama amesema."

"Basi waelezwe wanachoapa," Mchungaji akasema, na kuanzia hapo kila wachumba waliojiandikisha walitumwa kwa Mwalimu. Wasichana walitoka kwake wanatabasamu. Wavulana walitoka wanaangalia viatu.

Kwenye karamu za harusi, ukipigwa ule muziki wa kwetu ambapo mwanamume anaimba kwamba hali wala halali, atakufa mpenzi wake asipomtazama, Mwalimu aliinua kidole na kusema, "Mgonjwa yuleyule wa kwenye ngome." Neema alipokuwa anatazama tamthilia ambapo kijana amesimama kwenye mvua chini ya dirisha la msichana, baba yake alitokea nyuma ya kochi na kusema, "Huyo naye." Neema alimlalamikia kwa Kiingereza kwamba anamharibia. Mwalimu alifurahi. Aliamini dunia nzima imesoma kwa washairi wake bila kujua, na kwamba kazi yake ni kuwaambia watu jina la mwalimu wao.

Sasa nifike kwa Bahati.

Jumamosi mchana Mwalimu alikusanya vijana sebuleni kwake ili Kifaransa kisiwatoke. Kifaransa chenyewe kilichukua nusu saa, kilichobaki kikawa mapenzi ya kiungwana. Bahati alikuwa mmoja wao, kijana wa Uvira, mpole, aliyefika Marekani peke yake na kukaa na watu wasio ndugu zake. Alisikiliza kuliko wote. Aliandika. Nami nilikuwa na miaka ishirini na kitu wakati huo, nafanya kazi ghalani kwenye mkanda unaosafirisha maboksi.

Alianza kwa kuniletea maua ya kituo cha mafuta. Nilimshukuru, nikamwambia kwamba sitaki uchumba naye. Akatabasamu. Akahama shifti ili ifanane na yangu. Nikamwambia tena, safari hii bila kumshukuru. Akatabasamu vilevile. Kisha nikaanza kumkuta kituoni kila asubuhi, amesimama hatua chache nyuma yangu, hasemi kitu. Nikiangalia dirishani mchana wa siku zangu za mapumziko, namwona ng'ambo ya maegesho ya magari, mikono mifukoni, anatazama juu. Hakuwahi kunitukana wala kunigusa. Watu walisema nina bahati, wakalichezea jina lake. Mimi nilianza kulala nguo zikiwa mwilini.

Nilikwenda kwa Mwalimu kwa sababu nilijua Bahati anamsikiliza. Ilikuwa mchana, vijana wengine bado hawajafika. Mama Neema alikuwa jikoni anaosha mchele.

"Mwalimu," nikamwambia, "Bahati ananifuata."

Uso wake ukachangamka. "Goreti, binti yangu," akasema, "anakutumikia."

"Nimemwambia sitaki. Mara mbili."

"Bibi anakataaka kwanza. Kukataa njo kunafungua mlango, bila hiyo hakuna wimbo."

"Namwogopa, Mwalimu."

"Katika mashairi, mwanamume ndiye anatetemeka. Yeye ndiye anaogopa."

"Mimi siko katika mashairi," nikasema. "Niko kwenye kituo cha basi."

Maji ya jikoni yakanyamaza. Mama Neema akaja akijifuta mikono kwenye nguo ya kazi, ambayo alikuwa bado hajaivua tangu asubuhi.

"Mutoto anasema anaogopa," akamwambia mumewe. "Njo neno alisema. Ulilisikia?"

"Nililisikia, lakini—"

"Haiko na lakini, Mwalimu."

Akachukua funguo za gari juu ya friji, akaniambia nimfuate.

Bahati alitoka kwao amevaa ndala. Nilibaki ndani ya gari, kioo nimekishusha kidogo. Mama Neema hakuinua sauti. "Bahati, mwanangu," akasema, "huyu binti alikuambia hapana. Hapana yake haiko mulango wenye unagonga-gonga mpaka bafungue. Iko ukuta. Bon. Rudia nyumbani, ukae nyumbani."

Bahati alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Mama, Mwalimu alisema mtu akivumilia—"

"Mwalimu iko kwangu. Nitamuuliza miye mwenyewe."

Bahati akaanza kulia pale pale kwenye lami, na Mama Neema akamshika bega, akakaa naye hivyo mpaka akatulia. Bahati hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpweke, akapewa maneno mazuri ya kuuvalisha upweke wake, akadhani ni mapenzi.

Baada ya hapo Mama Neema alinipeleka kazini kila asubuhi, majuma mengi. Alitoka shifti yake ya usiku, macho mekundu, gari zima linanuka dawa ya kusafishia vyoo vya wazee, akapiga honi mara moja chini ya dirisha letu. Njiani hatukuzungumza sana, tulikuwa tumechoka wote wawili, yeye anamaliza na mimi naanza. Sikuwahi kumsikia akiipa kazi ile ya kunipeleka jina lolote.

Kuhusu Mwalimu, kwa muda hakukuwa na Kifaransa Jumamosi. Kisha akatuita tena, akamwalika Bahati, akanialika na mimi. Nilikaa karibu na mlango, Mama Neema kando yangu. Mwalimu alisimama, jambo ambalo hakulifanya sebuleni.

"Bon," akasema. "Niliwafundisha nusu. Katika mapenzi ya kiungwana kuna sheria moja fupi ambayo nimekuwa nikiiruka kwa sababu haina utamu. Shevalie anatii. Bibi akimwambia apigane, anapigana. Akimwambia aondoke, anaondoka, na kuondoka kwake ndiyo huduma yote. Hasimami chini ya dirisha. Hakuna wimbo baada ya hapo, ndiyo maana sikuwasomea. Bahati, kosa si lako peke yako. Goreti, binti yangu, donc."

Akakaa. Najua lilikuwa jambo gumu kwa mtu wa umri wake kusema mbele ya vijana. Sikumkumbatia, sikumwambia yamekwisha. Bahati alihamia jimbo lingine mwaka ule, nasikia ameoa na ana watoto. Mimi nilihamia mji wa Columbus kwa binamu yangu, nikasema ni kwa sababu ya kazi, na nilipofika nililala siku mbili.

Huko Columbus nilipata kazi ya kutunza wazee, nikaolewa na Mrundi mwenzangu, tukapanga nyumba ya zamani mtaa wa Linden, yenye ngazi zinazolia na tanuri la kupasha nyumba joto linalozimika kila mara. Habari za Louisville nilizipata kwa simu. Mwaka Neema alipomaliza shule, Mwalimu alinipigia.

"Bon," akasema, nikakaa kitako. "Mama ameenda."

Mama Neema alikuwa amekwenda Lackawanna, mji ulio jirani na Buffalo, kwa mdogo wake aliyemtafutia kazi katika nyumba nyingine ya wazee. Hawakugombana. Alipika maharage ya siku tatu, akafunga mizigo, akasema anakwenda. Mwalimu alimwuliza ni kwa muda gani. Alijibu kwamba hajui, atajua akishapumzika.

Mwanzoni Mwalimu alidhani anajaribiwa, kama mabibi wa zamani walivyomfukuza shevalie ili wamwone atafanya nini. Alimtumia ujumbe mrefu kwenye simu, kwa Kifaransa kizuri, kuhusu uhamisho na mateso. Jibu lilichukua siku mbili. Mama Neema alimkumbusha kutoa takataka Jumanne. Mwalimu alinisomea jibu hilo, akaniuliza nalielewaje. Nikamwambia nalielewa kama lilivyo.

Shifti zake ghalani zilipopunguzwa, alikuja Columbus akakaa kwetu majira ya baridi yote, katika chumba cha chini. Alikuwa amekonda. Hakutaja mashairi. Mume wangu alimfundisha kuendesha gari kwenye uwanja wa kanisa, na hapo ndipo nilipomsikia mume wangu akimpigia mtu mzima kelele kwa mara ya kwanza, kwa sababu Mwalimu alisimamisha gari katikati ya njia ili kumpisha mama mmoja aliyekuwa bado yuko mbali kabisa, kwenye ngazi za nyumba yake. Alianguka mtihani wa leseni, akarudia, akaanguka, akarudia mpaka akafaulu. Jioni alikaa jikoni kwangu akinitazama nikipika. Siku moja alisimama na kuniomba kisu, akamenya vitunguu. Alivimenya vibaya. Nikamwachia.

"Goreti," akasema, "nikienda kwake, nimpelekee nini?"

"Usimpelekee kitu."

"Hata maua?"

Nilikuwa nimetoka kazini, miguu imevimba, mtoto analia chumbani. "Mwalimu," nikamwambia, "maua yanahitaji chombo, chombo kinahitaji kuoshwa. Nenda, ukae karibu, ufanye anachokuambia. Akikuambia urudi, urudi."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi. Theluji ilipoyeyuka alikwenda.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka jana. Kanisa letu lilialikwa na kanisa la Buffalo, kwaya mbili ziimbe pamoja, nami nilikwenda na wenzangu, nikaomba mchana mmoja niende Lackawanna. Nilimpigia Mama Neema. Alisema yuko kazini mpaka saa tisa mchana, nimsubiri na Baba Neema, yuko hapo nje na gari.

Nilimkuta kweli, amekaa ndani ya gari dogo la kijivu mbele ya ile nyumba ya wazee, injini inanguruma. Theluji ilikuwa imelundikwa pande zote mbili za barabara. Amezeeka. Ndevu zake zilikuwa nyeupe kabisa, na badala ya koti la suti alivaa jaketi nene lenye mafuta kwenye mkono. Tuliposalimiana alinieleza kwa kifupi. Mama Neema alifanyiwa upasuaji wa goti, kukanyaga breki kunamwumiza, kwa hiyo yeye anamleta na kumrudisha. Anaishi mitaa miwili kutoka kwake, kwa Mrundi mmoja aliyempa chumba. Kwa Mama Neema huingia anapoitwa. Hajaitwa mara nyingi.

"Na wewe unaonaje?" nikamwuliza.

"Naona anachelewa leo," akasema, akawasha vifuta vya kioo.

Mama Neema alitoka akichechemea. Mwalimu alishuka, akaenda kumshika mkono juu ya barafu, hatua kwa hatua, bila haraka. Aliponiona, mama yule alinikumbatia muda mrefu, akakaa mbele, akaniambia nikae nyuma. Kisha akaanza kusema. Alisema kuna mzee amemwuma mkono akimvalisha soksi. Alisema msimamizi mpya hajui kupanga watu, amewaacha wawili kwenye ghorofa nzima. Alisema goti linamwuma, alisema Neema hapigi simu, na akipiga anazungumza Kiingereza tu, alisema mdogo wake ameweka sukari nyingi kwenye uji, alisema baridi ya hapa ni ya kuua mtu. Mwalimu aliendesha. Kila baada ya sentensi mbili tatu alisema "eeh." Mara moja aliuliza, "Alikuuma mkono gani?" Mama Neema akainua wa kushoto akamwonyesha, naye akautazama vizuri kwenye taa nyekundu.

Tulipofika, Mwalimu alimsindikiza mpaka mlangoni. Niliwasikia kupitia kioo.

"Kesho sifanye kazi," Mama Neema akasema.

"Sawa."

"Kesho kutwa njo nafanya."

"Sawa, Mama."

Mlango ukafungwa. Aliporudi kwenye gari aliniomba nikae mbele ili anipeleke kanisani kwa wenyeji wetu. Sikujua nimfariji au nimpongeze, kwa hiyo nikafunga mkanda. Tulipita karibu na ziwa, mahali palipokuwa na viwanda vya chuma zamani na sasa hakuna kitu, nyasi ngumu tu zinazochungulia kwenye theluji. Yeye ndiye aliyeanza.

"Unajua," akasema, "palikuwa na wanawake pia."

"Wapi?"

"Kule. Kwenye ngome. Wanawake waliotunga mashairi wenyewe. Wachache, lakini walikuwapo. Sikuwahi kuyafundisha mashairi yao."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Walikuwa wanalalamika. Nilidhani hayo si mapenzi."

Taa ilikuwa nyekundu tena. Nilimtazama. Mtu huyu aliwahi kusimama chini ya turubai, mvua inapiga, akatukariria mashairi saa nzima bila kukosea mstari, na nilijua nikimwomba hata leo angeweza.

"Walikuwa wanalalamikia nini?" nikamwuliza.

Nikaona midomo yake inatafuta, inajaribu mwanzo mmoja, inauacha, inajaribu mwingine.

"Sikumbuki," akasema. "Niliwasoma haraka."

Gari la nyuma likapiga honi, maana taa ilikuwa imekwisha kuwa kijani. Akaondoa mguu kwenye breki, tukaenda polepole kwa sababu ya barafu.